Rafiki Si Windo

Mimi ni mlokole. Nimeanza hivyo makusudi, ili yule msomaji ambaye akilisikia neno hilo hufunga jarida, alifunge sasa hivi tusipotezeane muda. Na yule ambaye akilisikia hupiga makofi na kusema "Ameni", naye ashushe mikono kwanza, maana ninayekuja kugombana naye leo si mpagani, si Mwislamu, wala si mlevi wa kilabuni. Ni yeye. Na ni mimi.

Natokea Kintinku, wilaya ya Manyoni. Ukitoka Dodoma kwa basi unapita Bahi, unaingia kwenye mbuga ya mpunga, na kabla barabara na reli havijaanza kuupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Saranda na Manyoni, hapo ndipo kwetu. Wengi wenu mmepapita mkiwa mmelala, na siwalaumu, jua la kule linalaza hata ng'ombe. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo msiniulize, na tangu hapo ninalima na baba na kuandika riwaya kwenye madaftari ya kaunta. Sasa niko daftari la saba. Nayasema haya mjue kwamba anayezungumza si mchungaji wala mwalimu wa chuo cha Biblia. Sina cheti cha kumtetea Mungu. Nina kisa kimoja na hasira nyingi.

Hasira yenyewe ni hii. Sisi vijana wa Kikristo tumefundishwa kumtazama rafiki asiyeamini kama mwindaji anavyomtazama swala: tunajua anakunywa maji wapi, saa ngapi yuko peke yake, upepo unatoka upande gani. Kwenye semina tunagawiwa karatasi. Andika majina matano ya marafiki zako ambao hawajaokoka. Waombee siku arobaini. Halafu waalike, uwalete, ripoti kwa kiongozi wa kikundi. Nimewahi kuijaza karatasi hiyo. Jina la kwanza niliandika la mtu ambaye tumekaa naye dawati moja tangu darasa la pili, na mkono haukunitetemeka hata kidogo kumwandika kama mtu anavyoandika mbuzi wa kuuza mnadani.

Mtaniambia: lakini Bwana mwenyewe alisema tutakuwa wavuvi wa watu! Alisema. Alikuwa akiongea na wavuvi, ndugu zangu. Aliwakuta ufukweni na nyavu zao, akawasemesha kwa kazi yao wanayoijua. Angepita Kintinku angetuambia habari ya mpunga, kuotesha na kupandikiza na kulinda ndege, kazi ambayo mtu anainama miezi kadhaa na miguu inababuka kwa maji. Mpunga hauuvizii, unaulea.

Basi nisimulie.

Huyo rafiki yangu watu humwita Fundi. Anatengeneza redio, simu, taa za sola, spika, kila chenye waya. Kibanda chake kiko karibu na barabara, ukubwa wake kama choo cha shule. Haendi kanisani ila Krismasi. Anakunywa, si kila siku, lakini akinywa anakunywa. Mama yake anapika pombe ya mtama, ile tunayoiita ujimbi, na ndiyo iliyomsomesha. Baba yake aliondoka siku moja na treni ya kwenda Kigoma na treni hiyo haijarudi mpaka leo.

Ulikuja mkutano wa injili. Kanisa gani, haina haja. Siku saba uwanjani, jenereta, spika nne zenye urefu wa mtu. Usiku wa tatu amplifaya ikafa. Kimya. Watu mia kadhaa wamekaa gizani, mhubiri anapaza sauti ya koo inapotelea kwenye miembe. Nikatumwa mimi, kwa kuwa ninamfahamu, nikamlete Fundi.

Alikuja. Hakuuliza bei. Alichuchumaa nyuma ya jukwaa, tochi mdomoni, kile kichuma chake cha kuchomea waya mkononi, na kwa dakika kama arobaini alipapasa matumbo ya ile mashine kama mkunga. Sauti iliporudi uwanja mzima ulilipuka kwa makofi. Makofi yalikwenda kwa Mungu, na sina ugomvi na hilo, ila hakuna aliyemwambia Fundi hata ahsante.

Halafu mhubiri akaita shuhuda. Nikapanda.

Nilisema kwamba zamani nilikuwa gizani. Haikuwa kweli sana. Zamani nilikuwa mtoto wa mzee wa kanisa, niliyeonja ujimbi mara mbili na kutapika mara zote mbili. Lakini ushuhuda usio na giza haunogi, na macho yale mia kadhaa yalikuwa yananitazama mimi, mwandishi ambaye hajawahi kusomwa na watu zaidi ya watatu. Kwa hiyo nilikopa giza. Nilikopa la Fundi. Nikasimulia kijiwe cha walevi niliotembea nao. Nikasimulia kijana mmoja ambaye mama yake anapikia watu sumu, baba yake kawatelekeza, mwenyewe analala kibandani akiwa hajitambui. Nikasema, na sauti ikapita kwenye spika alizozifufua kwa mikono yake, kwamba rafiki huyo bado amefungwa, na yuko hapahapa usiku huu.

Kintinku hauhitaji kutaja jina.

Mhubiri akachukua maikrofoni, akawaambia watu wote wanyooshe mikono kuelekea nyuma ya jukwaa wamwombee. Niligeuka. Fundi alikuwa anakunja waya wake taratibu, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja, kama mtu aliye peke yake chumbani. Akaiweka tochi mfukoni akaondoka. Pembeni mwa uwanja mama yake alikuwa na beseni la karanga. Naye alijitwisha beseni.

Niliposhuka kiongozi wa kikundi alinikumbatia. Aliniambia nimetumika vizuri.

Miezi saba Fundi hakunisemesha. Mnaokaa Dar au Dodoma mjini hamwezi kuelewa kazi ya kutosemeshana miezi saba mahali kama kwetu. Kisima ni kilekile, duka ni lilelile, mashine ya kukoboa ni ileile, msiba ukitokea mnakaa mkeka mmoja. Inabidi mtu aamke asubuhi akiwa ameamua.

Sasa, kabla sijaendelea, nataka niwajibu wale wanaosema kisa hiki ni kosa la kijana mmoja mshamba asiyejua kutoa ushuhuda. Wapi! Huu ni utamaduni mzima, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake mzuri. Tangu miaka ya 1980 na 1990 nchi hii imezoea kugeuza habari za Mungu kuwa mechi ya uwanjani. Wakubwa wetu wanaikumbuka mihadhara, huyu kashika Biblia kumwumbua mwenye Biblia, yule kashika Kurani kumwumbua mwenye Kurani, watu wanashangilia mabao. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yakavunjwa Dar es Salaam. Februari 1998 pale Mwembechai watu wakafa kwa risasi za polisi. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, mchungaji akauawa katika ugomvi wa nani achinje nyama. Sisemi spika ndizo zilizoua. Mambo hayo yana mizizi yake mingi na siasa zake. Nasema hayo ndiyo mazingira tuliyolelewa ndani yake, ambamo kumwaibisha mwenye imani nyingine kunaitwa kushinda. Na wakati huohuo nyumbani kwetu baba, mzee wa kanisa, kila Krismasi anamwita jirani yetu Mwislamu aje kuchinja mbuzi ili watu wote wale. Hajawahi kuitwa kwenye semina baba yangu kufundisha juu ya hilo. Wanaoitwa ni wenye karatasi za majina matano.

Katika ile miezi saba sikuwa na mtu wa kusomea madaftari yangu, maana msomaji wangu wa kwanza siku zote alikuwa Fundi. Nikawa nasoma badala ya kuandika. Kwenye sanduku la marehemu babu, chini ya nyimbo za kanisa, nikakuta kijitabu cha habari za Askofu Festo Kivengere.

Vijana wengi hawamjui. Alikuwa mtu wa Kigezi, Uganda, na kwa sisi wa Ugogo si mgeni: katika miaka ya 1940 alikuja Dodoma kufundisha Alliance, ile shule iliyokuja kuitwa Mazengo, ambayo majengo yake tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Huyu ndiye aliyemkimbia Idi Amin mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, akavuka milima kwa miguu usiku mpaka Rwanda, halafu mwaka huohuo akatoa kitabu chenye jina la kushangaza watu, I Love Idi Amin. Alifariki 1988. Lakini hayo ya uaskofu siyo yaliyonikamata. Kilichonikamata ni jinsi yeye mwenyewe alivyookoka.

Alikuwa mwalimu kijana, kabatizwa, ila imani kaitupa, na jioni moja ya Jumapili mwanzoni mwa miaka ya 1940 anarudi kutoka kunywa. Njiani anakutana na rafiki yake, mwalimu mwenzake, anakuja mbio na baiskeli kutoka kanisani. Festo anajua kinachofuata, hubiri. Badala yake rafiki anamweleza kwa ufupi kilichompata siku ile, kisha anamwomba msamaha. Anayataja makosa yake kwa Festo, moja moja, yale ambayo marafiki hufanyiana na kuyaacha yapite. Anamaliza, anapanda baiskeli, anakwenda zake. Hakumwita madhabahuni, wala hakunyooshewa mkono na mtu. Festo alibaki amesimama barabarani, na usiku huo hakulala mpaka alipopiga magoti. Na alipokuwa amekwisha okoka, kazi moja ya mwanzo aliyoifanya ilikuwa kupanda baiskeli yake mwenyewe mwendo wa maili 50 kwenda kumwomba radhi Mzungu mmoja aliyekuwa anamchukia.

Nilikisoma kipande kile nimesimama. Halafu nikakaa. Yule rafiki alikwenda kwa Festo na dhambi zake yeye. Mimi nilikwenda kwa umati na dhambi za Fundi, nyingine nimezitia chumvi.

Babu yangu alikuwa mmoja wa hao ndugu wa Uamsho, wale waliokuwa wakisalimiana kwa Tukutendereza. Moto huo ulianzia Uganda na Rwanda. Watu husimulia kukutana kwa Simeoni Nsibambi na Daktari Joe Church juu ya kilima cha Namirembe mwaka 1929, na kuanzia hapo ukaenea mpaka ukafika Ugogo. Simpambi babu wala ndugu zake. Nao walikuwa na kelele zao: mwaka 1941 kule Mukono wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia, na mojawapo ya mashtaka ni kwamba walikuwa wanaamka usiku wa manane kuomba na kuhubiri wenzao wamelala. Kwa hiyo spika tulikuwa nazo hata kabla ya umeme. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sisi wajukuu tumelipoteza. Mtu akiokoka, kijiji kililijua hilo kwa vitu kurudi. Jembe linarudi. Mbuzi anarudi na vitoto vyake. Babu, kama bibi anavyosimulia, alikwenda kwa jirani ambaye hawakuwa wakipikiana hata salamu, akasema "Mbukwenyi", akaweka jembe chini, akasema hili ni lako, niliiba mwaka ule wa njaa. Jirani hakuokoka. Ila tangu siku hiyo, bibi anasema, nyumba hizo mbili ziliombana chumvi.

Mimi nilikuwa na deni la Fundi la shilingi 18,000. Alikuwa kanikopesha nichapishe sura tatu za kwanza za riwaya stesheneri, nizipeleke kwa mchapishaji, ambaye hajajibu hadi leo. Nimesimama jukwaani kumwombea mtu nikiwa na fedha yake mfukoni. Hilo kwenye ushuhuda sikulisema.

Niliuza kuku watatu na debe la mpunga. Nikaenda kibandani jioni. Alikuwa kafungua simu ya mtu, vyuma vidogovidogo vimetandazwa kwenye kipande cha gazeti.

"Mbukwa," nikasema.

Hakuinua macho. "Kuna nini?"

"Deni lako hili."

Akazihesabu, akaweka chini ya betri. Nikabaki nimesimama. Nikasema na lile la uwanjani. Nikasema nilikuuza, na nilidanganya, yale niliyoyaita yangu yalikuwa yako, na mengine hayakuwa ya mtu yeyote.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Hii nayo ni mbinu? Mmefundishwa semina gani hii?"

Ndugu msomaji, nimesikia mahubiri mengi juu ya hukumu. Sijawahi kusimama mbele ya hukumu kama swali lile. Kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma habari za Kivengere, na mahali fulani ndani yangu, nikiri, nilikuwa na matumaini kwamba Fundi naye atabaki amesimama barabarani na usiku atapiga magoti. Alikuwa amenisoma. Nikamwambia ukweli: sijui nifanye nini ujue kwamba si mbinu. Pengine robo yake ni mbinu.

"Basi usinionyeshe kitu," akasema. "Shika tochi."

Nikashika tochi mpaka saa tatu usiku. Wakati naondoka akasema, "Mimi sina neno. Mama ndiye umwendee."

Kwa mama yake nilikwenda kesho yake asubuhi, na hapo sitasimulia sana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Aliniacha nikaongea yote. Kisha akaniuliza kama nakumbuka mwaka ule mvua zilipokatika, mimi na Fundi tukiwa darasa la tano, nilikuwa nakula mchana wapi. Nakumbuka. Nilikuwa nakula kwake. "Ugali ule, mwanangu, ulitoka kwenye hiyo sumu," akasema. Akainuka akaendelea na kazi zake.

Sasa geukeni upande wa pili, maana najua wapo wasomaji wanaochekelea, wakisema: unaona, dini ni jambo la moyoni, kila mtu abaki na lake, ishi vizuri na watu na ufunge mdomo. Hao nao nina shauri nao. Wanapenda kumsingizia Mtakatifu Fransisko wa Asizi ule usemi kwamba hubiri siku zote, na maneno tumia ikilazimu. Waliochambua maandishi yake wanasema humo haumo, na yeye mwenyewe alikuwa mhubiri wa barabarani asiyechoka. Mfano bila neno una kiburi chake. Unataka watu wakutazame wakisie. Unajifanya dirisha kumbe ni kioo cha kujitazama. Ningekuwa nimegundua kisima cha maji baridi, matamu, huku kwetu tunakokunywa maji yenye chumvi, halafu nisimwambie Fundi kwa kisingizio cha kuheshimu kiu yake, ningekuwa mchoyo tu. Na Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19, haikusema ufunge mdomo: imeweka kutangaza dini kuwa jambo huru na la hiari ya mtu. La hiari. Hiari ina pande mbili, ya anayesema na ya anayesikiliza, na huyo wa pili ndiye spika ya urefu wa mtu isiyemwuliza.

Mnaposoma habari za yule mwanamke Msamaria kisimani, angalieni neno la kwanza la Yesu kwake lilikuwa nini. Alimwomba maji. Alikuwa amechoka, ana kiu, hana ndoo, na kweli alihitaji msaada wake. Mazungumzo yote makubwa yaliyofuata, ya waume watano na maji ya uzima, yalianzia kwenye kuomba maji. Sisi tunakwenda kwa rafiki tukiwa tumeshiba, hatuhitaji chochote chake, tumebeba tu vya kumpa, halafu tunashangaa anatukimbia. Nami usiku ule uwanjani tulikuwa tunamhitaji Fundi kuliko alivyotuhitaji. Tulikuwa gizani, hatuna sauti, yeye ndiye mwenye ndoo. Hapo palikuwa pa kuanzia. Tukaparuka.

Mtaniuliza: sasa je, ameokoka? Najua mmekuwa mnalisubiri tangu mwanzo, hata ninyi mnaojifanya hamjali. Hapana. Ningependa aokoke? Ningependa sana, na yeye anajua ningependa, nimemwambia kwa mdomo wangu, mara moja, tukiwa tunapura mpunga wa mama yake. Alisema amesikia. Sikurudia. Ila siku moja, wiki kadhaa baada ya lile jambo la tochi, aliniuliza yeye, macho yako kwenye kazi: "Hivi wewe ukiomba usiku, unasikia nini?"

Jibu la semina nilikuwa nalo kichwani, limepangwa na mistari yake. Nikaliacha. Nikamwambia usiku mwingi sisikii kitu, naomba kwa mazoea, nasinzia. Lakini kuna usiku mmoja mmoja inakuwa kama kuna mtu amekaa pale mlangoni, hasemi, ananingoja nimalize uongo wangu tuanze kuongea.

Fundi akaacha kazi. "Hiyo hukuisema uwanjani," akasema.

Sikuisema. Na ndiyo iliyokuwa yangu.

Hapa nawageukia ninyi wenzangu wa kalamu, maana jarida hili ni letu na siwezi kuondoka nimewagusa walokole tu. Hadithi zetu zina ugonjwa uleule. Tunasomeana, nazijua. Msichana anakwenda mjini, anaharibika, ukurasa wa mwisho anaokoka. Au anakufa kwa maradhi ili wengine waokoke. Tunawafanyia wahusika wetu kile nilichomfanyia Fundi: tunakopa giza lao tupate nuru ya kumalizia. Ukiniambia Mkristo hana njia nyingine ya kuandika nitakupeleka kwa Mathias Mnyampala, mtu wa hapahapa Ugogo, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969, Mkatoliki. Alitaka kuwaeleza Waswahili Injili. Alifanyaje? Hakuwatukana. Alikwenda kwanza kujifunza kwao, akachukua utenzi, chombo kilicholelewa karne nyingi na washairi Waislamu wa pwani, akakaa nacho mpaka kikamtii, ndipo akatunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Mwaka 1954 akatoa pia kitabu cha historia na mila za Wagogo, bila kuwaonea haya wazee wake waliokuwa hawajabatizwa. Mwaka huohuo Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kikasomwa na washairi wa dini zote. Hao walikuwa wanapewa maji na kutoa maji. Au mchukueni Kezilahabi, aliyepitia seminari: Rosa Mistika ya 1971 ilizuiwa mashuleni kwa muda, wakubwa wakiona inaharibu vijana, nayo inauliza habari ya dhambi na malezi kwa uzito ambao mimi sijausikia kwenye mkutano wowote wa siku saba.

Nilipopatana na Fundi nilimpa tena madaftari. Ndani ya riwaya alikuwamo yeye, nimembadilisha jina, na kwenye sura ya kumi na nne alikuwa anaokoka. Nilikuwa nimeipenda sana sura hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha ndani yake. Alikaa nayo siku nne, akanirudishia.

"Huyu jamaa hana mikono," akasema.

Nikamwuliza ana maana gani.

"Sura nzima hajashika kitu. Analia, anaanguka, anapiga magoti. Anakula kwa kazi gani? Kashika nini leo?"

Nimeichana. Nimeiandika upya na bado sijui inaishaje. Sasa mtu yule ana kibanda, ana tochi mdomoni, ana mama mwenye beseni, na kuna usiku anaitwa kutengeneza amplifaya ya watu wanaomwombea. Wiki iliyopita Fundi kanirudishia daftari tena, na pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, kaandika kwamba fundi mwenye akili hafungui amplifaya kabla jenereta halijazimwa, na kwamba usiku ule alilizima mwenyewe, nilikuwa nimesahau.

Nimesahihisha.